Sanda, mashahidi au moyo: ukiulizwa kuhusu ufufuko, uegemee wapi?

Hakuna Injili hata moja inayosimulia dakika ile Yesu alipofufuka. Mathayo ana tetemeko la nchi na malaika anayeliviringisha jiwe, lakini hata yeye hasemi kwamba kuna mtu aliyemwona Bwana akitoka. Sote tunafika kaburini tukio likiwa limekwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalikiri hilo bila kuzunguka: hakuna aliyelishuhudia tendo lenyewe kwa macho, wala hakuna mwinjili anayelieleza lilivyokuwa.

Kwa hiyo anayeuliza "uthibitisho uko wapi?" hajakosa adabu. Swali hilo huulizwa na kijana wa kipaimara aliyetoka kwenye kipindi cha fizikia, na mfanyakazi mwenzako wakati wa chai, na mjane wiki ya pili baada ya mazishi. Nasi Wakristo, tukiulizwa, hukimbilia sehemu moja kati ya tatu. Wapo wanaotaja vitu vinavyoshikika, yaani Sanda ya Turin na kaburi la Yerusalemu. Wapo wanaofungua Agano Jipya na kusoma ushuhuda wa watu wa kwanza. Na wapo wanaosema yale waliyoyaonja wenyewe katika wokovu na sala. Zote tatu zina pahala pake, ila hazibebi uzito sawa, na ukimpa mtu isiyomfaa unaweza kumpoteza. Mimi nimesimama kwenye ile ya pili, na nitaeleza kwa nini.

Vitu vinavyoshikika

Sanda ya Turin ni kitambaa cha kitani chenye urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1, chenye sura hafifu ya mtu aliyesulubiwa, mbele na nyuma. Ukiitazama picha yake kwa karibu, kinachovuta jicho kwanza si uso. Ni mistari miwili ya alama za kuungua inayoshuka pande zote mbili za mwili, kumbukumbu ya moto uliotokea Chambéry mwaka 1532, pamoja na mahali ambapo watawa walishona viraka baada ya moto ule. Mwaka 1898 mwanasheria Secondo Pia aliipiga picha, na kwenye kioo cha negativu (picha iliyogeuzwa, peusi pakiwa peupe) uso ukajitokeza wazi kuliko unavyoonekana kwa macho. Tangu hapo waumini wengi wamesema: ushahidi ndio huu.

Ikaja 1988. Maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima kaboni, ili kujua umri, katika vipande vilivyokatwa kwenye pembe moja ya kitambaa, na majibu yakaangukia kati ya mwaka 1260 na 1390. Hilo linalingana na habari ya kwanza ya uhakika juu ya sanda hii, huko Lirey, Ufaransa, katikati ya karne ya 14. Mwaka 1389 askofu Pierre d'Arcis alikwisha kulalamika kwa maandishi kwamba ni kazi ya mchoraji. Wapo wanaokipinga kipimo kile wakisema pembe iliyokatwa ilikuwa imetengenezwa upya au imechafuka, na mjadala wao unaendelea. Lakini tazama msimamo wa mwenye mali. Sanda ni ya Kiti Kitakatifu tangu 1983, na Papa Yohane Paulo II alipokwenda Turin mwaka 1998 alisema Kanisa halina ujuzi maalumu wa kuamua maswali hayo, akawaachia wanasayansi. Ikiwa mwenye sanda haijengi imani juu yake, sioni kwa nini mimi niijenge.

Kaburi lina hoja nzuri zaidi. Kanisa la Kaburi Takatifu lilitabarukiwa mwaka 335, baada ya Kaisari Konstantino kuagiza hekalu la kipagani la enzi za Kaisari Hadriano libomolewe mahali pale. Oktoba 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Athens waliinua bamba la marumaru linalofunika mahali pa kulaza mwili. Chini walikuta kifusi, halafu bamba jingine la kijivu lililopasuka, limechongwa msalaba, na chini yake mwamba wenyewe. Chokaa iliyotumika pale ilipimwa ikaonekana ni ya mwaka 345 hivi. Ni habari inayogusa moyo. Inatuambia kwamba mahali wanapopiga magoti mahujaji leo ndipo mafundi wa Konstantino walipopaheshimu. Miaka 300 iliyotangulia haimo ndani ya chokaa ile.

(Kwa wanaopanga safari: vikundi vingi vya Kiprotestanti hupelekwa kwenye kaburi la bustanini, nje ya Lango la Dameski. Ni mahali patulivu, panafaa sana kwa maombi. Lakini mwanaakiolojia Gabriel Barkay ameonyesha kwamba kaburi lile lilichongwa karne nyingi kabla ya Yesu, na Yohana 19:41 inasema kaburi lilikuwa jipya. Nendeni mkaombe, ila msirudi mkahubiri kwamba mmeona ushahidi.)

Tatizo kubwa la vitu, hata hivyo, haliko kwenye vipimo. Tuseme tungekuwa na kaburi lenyewe, bila shaka yoyote. Kaburi tupu lina tafsiri zaidi ya moja. Mariamu Magdalene alilikuta tupu asubuhi ileile, na alichokisema ni kwamba wamemwondoa Bwana. Alisimama nje akilia. Petro aliingia, akaona vitambaa vimelala na ile leso ya kichwani imezongwa-zongwa mbali peke yake. Luka anasema alikwenda zake akistaajabu, basi. Mathayo naye haoni haya kuandika maelezo ya wapinzani, kwamba wanafunzi waliuiba mwili usiku walinzi wakiwa wamelala. Kama kaburi halisi, siku ya tatu, lilimwacha mwanamke aliyempenda Yesu kiasi kile akitafuta maiti, picha ya kaburi hilo haitamfanyia mwanafunzi wa kidato cha tatu zaidi ya hapo. Mariamu aliamini alipoitwa kwa jina lake.

Neno la walioona

Kati ya mwaka 53 na 55 hivi, Paulo akiwa Efeso, aliwaandikia Wakorintho mistari ambayo mimi naiona kuwa ya thamani kuliko kitambaa chochote: 1 Wakorintho 15:3 hadi 8. Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akatokea. Kisha majina: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Juu ya wale 500 anaongeza kwamba wengi wao wangali hai, ingawa baadhi wamelala. Mtu anayetunga habari hamwelekezi msomaji kwa mashahidi wanaoweza kuulizwa.

Paulo anasema pia kwamba maneno hayo aliyapokea. Kwa nani? Wagalatia 1:18 na 19 inatusaidia: miaka mitatu baada ya kuitwa alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, akamwona na Yakobo ndugu wa Bwana. Tunachokisoma, basi, ni neno lililofundishwa wakati walioona wangali wanapishana na watu sokoni. Halikupata nafasi ya kukuzwa vizazi na vizazi ndipo liandikwe.

Watu wengine husikia "neno la mashahidi" wakadhani ni kitu kidogo kuliko uthibitisho wa maabara. Sikubaliani. Mpaka wa shamba la babu ukigombaniwa kijijini, baraza huita wazee wanaopakana naye, na kwa neno lao watu hupata ardhi au huikosa. Mambo mazito ya maisha tunayaamua kwa kuwaamini watu, tukiwa tumewapima kwanza ni watu wa namna gani.

Tuwapime hawa, basi. Injili zote nne zinawaweka wanawake mbele kaburini. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ileile, anaandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Luka hafichi kwamba mitume wenyewe waliposikia maneno yao waliyaona ni upuzi. Ambaye angekaa chini kutunga habari ya kuwashawishi watu wa zama zile angemtanguliza Petro, au Yosefu wa Arimathaya, mtu wa baraza. Halafu yupo Yakobo. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye tunamkuta Yakobo huyu akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na Yosefo anasimulia jinsi alivyouawa kwa mawe, mwaka 62 hivi. Kitu fulani kilitokea kati ya kutoamini kule na kifo kile. Paulo anakitaja kwa maneno machache tu: akamtokea Yakobo.

Sasa mipaka yake, maana ukiificha utaaibika. Injili hazisimulii kwa sauti moja. Mathayo anataja wanawake wawili, Marko watatu, Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Mathayo anatupeleka Galilaya. Luka anabaki Yerusalemu na viunga vyake. Nakala kamili za kale zaidi za Marko zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kwa hofu bila kumwambia mtu neno. Wahubiri wengine huzipitia tofauti hizi haraka haraka. Wasifanye hivyo, kwa sababu kijana atazikuta kwenye simu yake kabla ya Jumapili, na atajiuliza mmemficha nini kingine. Mwambie mapema. Mashahidi wanne wa ajali moja barabarani hawasemi sentensi zilezile, na wakizisema hakimu huanza kuwatilia shaka.

Jambo jingine la kuangalia ni ile hoja ipendwayo sana mimbarani, kwamba mitume wote waliuawa kwa ajili ya ufufuko. Tuna msingi mzuri kwa wachache: Yakobo mwana wa Zebedayo katika Matendo 12, Yakobo ndugu wa Bwana kwa Yosefo, Petro na Paulo kwa maandiko ya mapema ya Kanisa. Wengine ni mapokeo ya baadaye sana. Taja hao wanne, wanatosha. Na hata hao, kifo chao kinaonyesha kwamba hawakuwa wanadanganya. Kama walichokiona kilikuwa kweli, hilo ni swali linalobaki.

Hapo ndipo historia inapofika mwisho wa njia yake. Gerd Lüdemann, msomi Mjerumani aliyeacha imani ya Kikristo, alikubali kwamba Petro na wenzake walipata uzoefu wa kumwona Yesu baada ya kifo chake. Akaueleza kuwa kazi ya akili iliyojeruhiwa na majonzi. Pinchas Lapide, Myahudi mwenye kushika dini yake, alisoma ushahidi uleule akasema ndiyo, Mungu alimfufua Yesu, na akabaki Myahudi. Wawili hawa hunisaidia sana kufundisha. Mmoja ana ushahidi wote na haamini kufufuka. Mwingine anaamini kufufuka na hasemi "Bwana wangu". Hata kwa ushahidi mzuri, mtu bado anaulizwa maswali mawili ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kumjibia: je, yupo Mungu awezaye kufufua wafu? Na huyu aliyefufuka, utamfuata? La kwanza Paulo alimtupia mfalme Agripa mbele ya watu wote, katika Matendo 26:8.

Tuliyoyaonja

Hapa kwetu njia hii ina historia ndefu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulisambaa hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika bila masalia wala mihadhara. Ulisambaa kwa watu kusimama mbele ya wenzao, kutubu waziwazi, kurudisha vitu vya wizi, na kusema Yesu aliye hai amewafanyia nini. Tukutendereza, wimbo wa Uamsho huo, unaimbwa mpaka leo na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Nguvu ya njia hii niione wapi zaidi ya Kampala, Februari 1977? Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa Anglikana, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana, kando ya kaburi la askofu mfiadini Hannington, lakini mwili haukutolewa; ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao kaskazini, Mucwini. Watu walikusanyika kilimani vilevile, kaburi likiwa wazi halina mtu. Na pale yakatamkwa maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Kila aliyekuwepo alijua mwili wa Luwum uko mahali fulani. Hawakuwa wanadai lolote kuhusu mwili ule. Walikuwa wakisema kwamba Bwana aliyetoka kaburini ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtumishi wake, na waliokuwa wakisikiliza walikuwa na sababu zote za kuogopa.

Hiyo inafika mahali ambapo hoja ya wale 500 haifiki. Lakini ina udhaifu wake, na nausema kwa heshima kwa walokole, watu wa Uamsho huo, walionilea katika sala. Moyo una majira. Aliyeambiwa kwamba uthibitisho ni amani anayoisikia ndani, siku amani ikiondoka ataona na Kristo ameondoka. Pia watu wa dini nyingine nao wana amani, machozi na maisha yaliyobadilika, na sina haki ya kuyaita ya uongo. Na mwisho, ukisema tu "amefufuka moyoni mwangu" unaweza kusema hivyo hata kama mifupa ya Yesu ingali ardhini. Rudolf Bultmann, mwanateolojia wa Ujerumani, alikaribia hapo alipokubali usemi kwamba Yesu amefufuka katika mahubiri ya Kanisa. Paulo hakubali. Kama Kristo hakufufuka, anawaambia Wakorintho, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure, haidhuru mnajisikiaje.

Kwa nani, ipi?

Kijana wa kipaimara au mwanafunzi wa chuo: mpe ya pili, yote, pamoja na tofauti za Injili. Sanda ataiuliza mwenyewe. Mjibu kwa kifupi na kwa ukweli, umwambie mwaka 1988 maabara zilisema nini. Usimfanye achague kati ya Kristo na kaboni, maana Kanisa lenyewe halijamwekea uchaguzi huo.

Jirani Mwislamu, huku Pwani hasa: mazungumzo hayataanzia kwenye ufufuko. Yataanzia msalabani, kwa sababu Sura ya An-Nisaa, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Hapo unaweza kutaja kwa upole kwamba hata Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika mwaka 116 hivi kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Lakini tambua kwamba jirani yako naye anasimama juu ya neno alilolipokea na kuliamini. Mnaheshimiana mkijua kwamba nyote wawili mnazungumza juu ya nani ni shahidi mwaminifu. Ukimletea picha ya kitambaa utakuwa umeyashusha mazungumzo.

Mfiwa: usianze na lolote kati ya hayo. Wiki ya pili, wageni wakiwa wametawanyika na turubai limekwisha kurudishwa, anachohitaji ni jumuiya inayokuja jioni, inayosali rozari au kuimba pambio, watu ambao wao wenyewe walizika na bado wanaamini. Hapa ya tatu inatangulia. Ya pili itahitajika miezi mingi baadaye, usiku atakapouliza kama yale yaliyosemwa makaburini yalikuwa maneno ya kufariji tu. Siku hiyo usimwambie ajisikilize moyoni, moyo wake umekauka. Msomee kwamba Kefa alimwona.

Na wewe unayekwenda hija, vitu ni vyako. Lishike lile jiwe, lia ukitaka kulia. Nafasi ya vitu ni sala, na kwenye sala havidaiwi kuthibitisha chochote.

Kwa anayetaka kuwaongoza wengine, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: 1 Wakorintho 15:1 hadi 11 kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mapema, kisha Marko 16:1 hadi 8 pamoja na hofu yake, kisha Luka 24, safari ya Emau, na Yohana 20 mwisho. Kwa Tomaso msiharakishe. Waulizeni wanakikundi alikuwa na nini mkononi wiki ile nzima kabla Yesu hajaja. Alikuwa na neno la rafiki zake kumi, watu aliokula na kutembea nao, na hakuliona kuwa linatosha. Angalieni pia kwamba Yohana hasemi Tomaso aligusa, anasema tu alijibu, "Bwana wangu na Mungu wangu." Kisha mstari wa 29, heri kwa wasioona wakasadiki. Wengi hufunga Biblia hapo, na kikundi kinatoka kikidhani Yesu amesifu kufumba macho. Someni mstari wa 30 na 31, ambapo Yohana anamgeukia msomaji na kumwambia kwamba ishara nyingine ziliachwa, ila hizi zimeandikwa ili yeye naye apate kuamini.